Somo: Kupata nyumba ya kupanga Tabora ambayo kodi yake inabeba umeme na maji

Mtu anayehamia Tabora kikazi au kimasomo huambiwa mapema na dalali kwamba nyumba fulani ina "kila kitu ndani", yaani kodi ya mwezi imeshabeba umeme, maji, na pengine ulinzi na uzoaji wa taka. Mpango huu unamfaa sana mgeni ambaye bado hajaujua mji, lakini hauna thamani mpaka kila kilichomo kitajwe kwa jina katika mkataba.

Hatua ya kwanza: tafuta kwa miguu kabla ya kumtafuta dalali. Chagua eneo lililo karibu na shughuli zako, iwe ni Kitete, Cheyo, Isevya, Kanyenye au Ipuli, kisha umwone mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, ambaye kwa kawaida anazijua nyumba zilizo wazi na pia anawajua wenye nyumba wanaogombana na wapangaji wao kila mara. Ukilazimika kumtumia dalali, ambaye mara nyingi hudai kodi ya mwezi mmoja, kubalianeni malipo yake mapema na usimkabidhi fedha kabla hujaonana na mwenye nyumba.

Hatua ya pili: ielewe mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hiyo nakuomba usiharakishe. Uliza kama mita ni ya chumba chako peke yako au inahudumia nyumba nzima, na kama wapangaji wana mita ndogo za ndani zinazoonyesha matumizi ya kila mmoja. Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwekwa kwenye bei nafuu. Familia nne zinapotumia mita moja ni rahisi kuuvuka mpaka huo, na hapo kila uniti huwa ghali zaidi hata kwa yule anayewasha taa mbili tu. Ndiyo maana mwenye nyumba makini anayejumuisha umeme kwenye kodi huweka kikomo, na mimi naona kikomo kilichoandikwa ni salama kwa pande zote mbili kuliko ahadi ya kutumia bila kipimo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mmiliki, kwa hiyo kama wewe ndiye unayenunua umeme, mkataba ueleze jinsi utakavyorudishiwa kiasi kilichokatwa.

Hatua ya tatu: kagua maji. Fungua bomba la bafuni, si la uani tu, kisha waulize majirani siku ambazo maji ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, hutoka na hali inavyokuwa kiangazi, kwa sababu kuanzia Mei hadi Oktoba mvua za Tabora huwa chache sana. Nyumba yenye simtanki kubwa ina manufaa kuliko yenye vigae vya kupendeza. Uliza pia ni nani anayelipia gari la kunyonya majitaka shimo likijaa.

Hatua ya nne: mkataba uandikwe, utaje kila huduma, kikomo chake, na kitakachofanyika huduma ikikatwa. Lipa kwa benki au simu, na uhifadhi risiti.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Je, naweza kukataa?

Jibu: Unaweza kuomba miezi mitatu, na wengi hukubali mpangaji akiwa na utambulisho wa mwajiri. Akishikilia msimamo wake, omba basi kodi isipandishwe ndani ya kipindi ulicholipia, na jambo hilo liandikwe.

Swali: Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja, na mwenzetu mmoja anapikia jiko la umeme. Tufanyeje?

Jibu: Mwombeni mwenye nyumba afunge mita ndogo kwa kila mpangaji, hata kama mtachangia gharama ya fundi. Mkigawana kwa idadi ya vyumba, wanaotumia kidogo wataendelea kumlipia anayetumia zaidi, na manung'uniko hayatakwisha.

Swali: Nahamia Kigoma. Je, hatua hizi zinatumika huko?

Jibu: Zinatumika, ila huko mamlaka ya maji ni KUWASA, na maji husukumwa kwa pampu kutoka Ziwa Tanganyika. Mji una miinuko, hivyo nyumba iliyo juu ya kilima ikaguliwe kwa uangalifu zaidi: nenda jioni wakati watu wengi wanatumia maji, fungua bomba, na umuulize jirani kama maji huendelea kutoka umeme ukikatika.