ESP32 inayojua kulala: kupanga matumizi ya betri kwa FreeRTOS

Kipima maji changu cha kwanza cha tangi, kinachoendeshwa na ESP32 (chipu ndogo yenye Wi-Fi) na FreeRTOS (mfumo mdogo unaopanga kazi za chipu), kilimaliza betri kwa wiki tatu. Nilikuwa nimetawanya amri za kulala kila kona ya programu, na bado.

Hatua ya 1: Pima kwanza. Weka mita kati ya betri na bodi. Anza na kipimo kikubwa cha mita, kwa sababu Wi-Fi ikiwaka huvuta hadi mA (miliampia) 240. Ukianzia kwenye maikroampia (µA) utaunguza fyuzi. Chipu ikiwa kwenye usingizi mzito inatakiwa itumie takriban µA 10. Ukiona mA 5, acha kulaumu kodi ya programu. Regyuleta (kidhibiti volteji) ya AMS1117, iliyojaa kwenye bodi za bei poa, hula kiasi hicho hata bila kazi. Gawa: mAh 2600 kwa mA 5 ni saa 520, siku 21 na ushee. Ndizo wiki zangu tatu hizo. Tafuta regyuleta inayokula maikroampia chache lakini inayoweza kutoa mA 500, na uing'oe ile taa nyekundu ya bodi inayowaka muda wote.

Hatua ya 2: Washa vipengele vya kuokoa umeme. Kwenye menuconfig (menyu ya mipangilio ya programu ya ESP32) washa `CONFIG_PM_ENABLE` na `CONFIG_FREERTOS_USE_TICKLESS_IDLE`. Bila hicho cha pili, kerneli (kiini cha FreeRTOS) huamka mara 100 kwa sekunde kuhesabu muda tu.

Hatua ya 3: Weka mipaka ya kasi ya chipu, na uiruhusu ilale usingizi mwepesi (light sleep) yenyewe.

```
esp_pm_config_t pm = {
    .max_freq_mhz = 160,
    .min_freq_mhz = 40,
    .light_sleep_enable = true
};
esp_pm_configure(&pm);
```

Hatua ya 4: Kila draiva (kodi inayoendesha kifaa kimoja) iseme shida yake. Hapa ndipo penye kazi. Futa amri zote za kulala ulizotawanya. Badala yake, kila sehemu ishike kufuli inapohitaji chipu iwe macho, na iliachie ikimaliza. Ni kama taa ya ukumbini kwenye nyumba ya kupanga: anayeihitaji anasema "msizime", na wa mwisho kuondoka ndiye anayezima. Kesho ukiongeza modemu ya GSM, inakuja na kufuli lake. Kodi ya sensa huigusi.

Sensa yangu ni ya mawimbi ya sauti. Maji yakiwa mita 1 chini yake, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 6 hivi. Chipu ikisinzia hapo katikati, mwangwi unapotea na tangi lililojaa linasomeka tupu. Kwa hiyo:

```
esp_pm_lock_acquire(kufuli);
esp_err_t jibu = pima_maji(&sm);
esp_pm_lock_release(kufuli);
```

Kufuli lenyewe liundwe mara moja tu kwa `esp_pm_lock_create`, aina ya `ESP_PM_NO_LIGHT_SLEEP`.

Hatua ya 5: Msake asiyelala. Washa `CONFIG_PM_PROFILING`, kisha ita `esp_pm_dump_locks(stdout)`. Utaona kila kufuli limeshikwa kwa muda gani. Mimi nililikuta moja limeshikwa tangu kifaa kiwashwe: sensa ilishindwa kusoma, `return` ikatoka mapema, na mstari wa kuachia kufuli haukufikiwa kamwe.