Kuchagua mtaa wa kuishi Mombasa: anza na kivuko, nyumba baadaye

Mimi ni dalali wa nyumba. Mgeni anayehamia kutoka bara hunipigia simu na swali lile lile: "Chumba na sebule ni pesa ngapi?" Nami humuuliza, "Utafanya kazi wapi?" Wengine hukasirika, wakidhani napima mfuko wao. Sipimi mfuko, nahesabu maji watakayovuka kila siku.

Hatua ya 1: Hesabu vivuko

Katikati ya mji huu ni kisiwa, na njia za kutoka ni chache. Kaskazini kuna daraja la Nyali, la tangu 1980, linalobeba watu wa Nyali, Kisauni, Bamburi, Shanzu, hata wa Mtwapa ambao kwa kaunti ni wa Kilifi lakini riziki wanaitafuta huku. Magharibi ni Makupa, penye daraja jipya lililofunguliwa 2022, njia ya Changamwe, Mikindani na Jomvu. Kusini ni feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, na majini ni dakika chache tu. Shida ni kwamba dakika hizo huanza kuhesabiwa baada ya kusubiri, na asubuhi umati wote wa Likoni unakuja upande huu.

Kanuni yangu ni kivuko kimoja kwa safari, visizidi. Niliwahi kumpangishia mwalimu nyumba nzuri sana Likoni, kodi nafuu, naye akifundisha Bamburi. Kila asubuhi feri, kisha matatu ya kupita mjini, kisha daraja la Nyali. Alihama kabla ya miezi minne, akapoteza na amana yake. Kosa lilikuwa langu, maana nilijua anakofundisha nikanyamaza.

Mwenye gari atakwambia siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu. Ni kweli, inakutoa upande wa Miritini hadi pwani ya kusini bila kuigusa feri. Lakini kwa mtu wa Likoni mwenye duka Mwembe Tayari, kisiwani, huko ni kuzunguka dunia.

Hatua ya 2: Ijaribu njia kabla ya nyumba

Usije kutazama nyumba Jumamosi saa nne, barabara zikiwa zimelala. Njoo siku ya kazi. Toka kwenye mtaa unaoufikiria saa kumi na mbili u nusu asubuhi kwa matatu, na jioni urudi saa kumi na moja. Ukiweza, jaribu mwezi wa Ramadhani, ile saa ya mwisho kabla ya magharibi ambapo kila mtu anakimbilia futari. Ukiistahimili njia saa hiyo, umeiweza.

Hatua ya 3: Fungua bomba

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Maji ya mfereji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yanasafiri mbali na hayatoshi, kwa hivyo mitaa hupewa kwa zamu. Kuna nyumba ambayo bomba lake hutoa upepo kwa wiki nzima.

Uliza maswali mawili tofauti. La kwanza: maji ya mfereji huja siku gani, na tangi la nyumba ni la ukubwa gani? La pili: kuna kisima, na maji yake yakoje? Visima vingi huku ni vya maji ya chumvi. Yanafaa kuogea na kudekia, lakini sabuni haitoi povu vizuri na chai yake hutaimaliza. Maji ya kunywa utanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Hesabu mitungi ya mwezi, uijumlishe kwenye kodi, kisha ndipo ulinganishe nyumba mbili. Mara nyingi ile "rahisi" inageuka kuwa ghali.

Na usimuulize mwenye nyumba peke yake. Wala mimi. Muulize mama anayefua uani.

Hatua ya 4: Tazama dirisha

Hili huwachekesha watu wa Nairobi mpaka Februari iwafikie. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Chumba chenye dirisha upande wa kibla, yaani kaskazini, na jingine upande wa pili hupata pepo zote mbili. Chumba cha dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani utakilipia kwa stima ya feni, na tokeni zitakwisha kabla ya mshahara. Ghorofa ya juu kabisa chini ya bati, mimi siipangishi kwa mtu mwenye mtoto mchanga.

Hatua ya 5: Sasa chagua mtaa

Kazi ikiwa bandarini, uwanja wa ndege au kwenye stesheni ya reli ya Miritini, tazama Changamwe, Magongo, Mikindani. Uvumilie malori. Kazi ikiwa mjini na pesa si nyingi, Majengo na Bondeni zina nyumba za Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo na uani mnashirikiana. Faragha ni kidogo, ila ukiugua utajuliwa hali kabla hujapiga simu. Tudor na Ganjoni ni za wenye uwezo wa wastani, Kizingo na Nyali mfuko uwe mzito. Kisauni na Kiembeni utapata nafasi kubwa kwa kodi hiyo hiyo, lakini rudi ukasome hatua ya pili.

Mji wa Kale naupenda kuliko kote, kwa kuta nene na baraza za jioni. Hata hivyo ni eneo la hifadhi, usidhani utatoboa ukuta upendavyo. Na vichochoro vyake havijui lori.

Hatua ya 6: Lipa kwa utaratibu

Kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Usitume pesa kabla ya kuingia ndani ya nyumba na kushika ufunguo, hata picha ziwe nzuri vipi. Hakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa ndilo lililo kwenye mkataba. Mita ya stima iwe yako peke yako, vinginevyo mtagombana na jirani mwenye friji mbili.

Siku ya kuhama, kama unaelekea Kisauni, pakia alfajiri ya Jumapili. Daraja likiwa tupu, lori linaweza kurudi mara ya pili kabla jua halijakolea.