Aliyezama maji: anza na pumzi

Ninafundisha waokoaji wa bwawani. Darasa jipya likianza, humwambia mmoja apige magoti mbele ya mwanasesere anionyeshe angemsaidiaje mtu aliyezama. Karibu wote hukimbilia kifua. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla njiani hawajakosea, maana moyo wake umegoma damu ikiwa bado na oksijeni. Kwa aliyezama, kilichotangulia kuisha ni hewa, na moyo umesimama kwa kuikosa. Ukibonyeza kifua bila kumpulizia, unazungusha damu tupu.

Kwanza usizame wewe: mrushie boya au kamba, mnyooshee mti. Akishatolewa, mlaze chali pagumu, mwingine apige simu ya dharura. Mwite, mtikise bega, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kukoroma au kutweta mara moja moja si kupumua.

Rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa wako, upulize kwa sekunde 1 hadi kifua kiinuke. Mtoto mchanga kichwa kikae sawa tu, na mdomo wako ufunike pua na mdomo wake pamoja. Miongozo ya Ulaya husema pumzi 5 za mwanzo, ya Marekani 2. Mimi nafundisha 5, ila aliyetoa 2 simgombezi.

Hapo sasa ndipo uende kifuani: bonyeza mara 30, pumzi 2, bila kukoma. Bonyeza katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Waokoaji wawili wenye mafunzo wakiwa na mtoto, hesabu ni 15 kwa 2. Mbadilishane kila dakika 2. Mikono huchoka kabla mwenyewe hujajijua.

Kinachowavuruga wengi ni mapovu. Hutoka mdomoni na puani, meupe au ya rangi ya waridi, ukifuta yanarudi. Achana nayo, puliza hivyo hivyo. Akitapika ndiyo umgeuze ubavu upesi, usafishe mdomo, umrudishe chali, uendelee. Na jamani, msimning'inize mtoto miguu juu wala kumkamua tumbo eti maji yatoke! Yanayotoka ni ya tumboni, na yanaweza kuingia mapafuni njiani.

Mashine ya kushtua moyo ikiletwa, kausha kifua, bandika vibandiko vyake hapo, fuata maelekezo yake. Mara nyingi itasema mshtuko hauhitajiki. Haina maana kwamba amekufa; rudi kwenye kifua na pumzi.

Huwa naulizwa nani hupona. Kinachoamua zaidi ni muda aliokaa chini ya maji, kuliko umri wake au kama maji yalikuwa ya chumvi. Chini ya dakika 5 matumaini ni mazuri. Zikipita 10 yanashuka sana. Zikipita 25 wanaopona wakiwa na akili timamu ni wachache mno. Maji ya barafu yana habari yake, kwani ubongo ukipoa mapema huvumilia zaidi, na mtoto mdogo hupoa haraka. Kwa hiyo hukumu ya kuacha waachie wahudumu wa afya. Tena wako ambao pumzi imekatika lakini moyo bado unapiga: hao pumzi chache za mwanzo zinaweza kuwarudisha kabla moyo haujafika kusimama.

Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike. Ataamka na kusema hajambo, anataka kwenda nyumbani. Mpeleke hospitali hata hivyo, aangaliwe kwa saa kadhaa: mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kuzidiwa baadaye, na kikohozi kisichokoma au kupumua harakaharaka ndiyo dalili za kuwaeleza wauguzi mara moja.