Kubadili msambazaji wa mabomba ya fremu bila kuharibu kazi iliyo mezani

Wiki chache zilizopita fundi mwenzangu aliniomba nikae naye jioni mbili ili tupange namna ya kuachana na msambazaji aliyekuwa akimuuzia mabomba ya fremu tangu alipofungua karakana. Sababu zake zilikuwa zile zile zilizonihamisha mimi miaka kadhaa nyuma: oda inayofika nusu, bei inayopanda bila taarifa, na simu isiyopokelewa. Tulipomaliza niligundua kwamba muda mwingi tuliutumia katika jambo moja tu, yaani kupima mabomba mapya kabla msumeno haujayagusa, kwa kuwa hapo ndipo nilipopata hasara ya mabomba manne na siku mbili za kazi. Mwongozo huu nao umeelemea upande huo huo.

Ninaandika kwa ajili ya fundi anayetengeneza fremu za baiskeli kwa mkono, akiunga kwa lagi (vile vikombe vya chuma ambamo ncha za mabomba huingizwa) na kulehemu kwa fedha. Anayechomelea kwa TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi) atafuata hatua hizi hizi, ila vipimo vya nafasi kati ya lagi na bomba havitamhusu.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichotumia, si ulichonunua

Chukua daftari lako la fremu za mwaka mzima na uandike, fremu kwa fremu, kila bomba lililoingia: kipenyo, unene wa ukuta, urefu kabla ya kukata na urefu baada ya kukata. Ankara za msambazaji hazitakusaidia sana hapa, kwa sababu zinaonyesha hata vile vilivyolala kwenye rafu. Orodha yangu ilinishangaza. Nilidhani ninahitaji aina kumi na tano za mabomba ya chini (lile linalotoka usukani hadi kwenye pedali), kumbe tatu zilibeba karibu kazi yote.

Hatua ya 2: Maliza mambo na msambazaji wa zamani

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujatamka neno la kuondoka, hesabu fremu ambazo umekwisha kuchukua malipo yake ya awali, kisha uhakikishe kwamba kila moja ina mabomba yake yote pamoja na la akiba kwa lile la chini na yale ya nyuma. Bomba likipata bonyeo wakati fremu iko kwenye jigi (kishikio cha fremu wakati wa kuunga), hutaki kuanza kutafuta la kulingana nalo kwa mtu asiyekujua.

Lipa madeni yako, na udai yako. Iwapo kuna oda iliyolipiwa ambayo haijakamilika, omba irejeshwe kama fedha na si kama salio la kununulia baadaye, kwa kuwa salio ni kamba ya kukufunga.

Tena kuna stika. Stika za Reynolds na za Columbus, chapa za mabomba ya fremu, hutolewa pamoja na mabomba kupitia msambazaji, hivyo mabomba uliyobaki nayo bila stika utapata tabu kuyauza kwa wateja ambao wanataka kuiona ile alama juu ya rangi. Ziombe mapema, ungali mteja.

Hatua ya 3: Muulize msambazaji mpya maswali yanayomchosha

Swali la kwanza si bei. Omba mchoro wa kila bomba unaoonyesha mahali ambapo unene wa ukuta unabadilika, kipimo kwa kipimo kutoka kila ncha. Msambazaji mzuri atautuma mchoro huo bila maelezo mengi. Akikujibu kwamba “ni lile lile la milimita 31.8, ukuta 0.8/0.5/0.8” (yaani unene wa ncha, wa katikati na wa ncha ya pili), jua kwamba anauza namba za katalogi na hajui kilichomo ndani ya boksi. Mimi huyo simnunui hata akinipunguzia bei, ingawa nakiri kwamba wapo mafundi hodari wanaonunua kwa watu wa namna hiyo na kupima wenyewe.

Muulize pia kiasi cha chini cha oda, ni nani anayelipia bomba lililopinda njiani, na kama namba ya bechi ya kiwandani huandikwa kwenye ankara. Hilo la bechi lina uzito kuliko linavyosikika: ukipeleka fremu kupimwa kwa mujibu wa ISO 4210 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli), au mteja akirudi na fremu iliyopasuka, bechi ndiyo njia pekee ya kujua ni mabomba gani mengine yametoka katika kundi lile.

Kama kuhama msambazaji kunamaanisha kuhama chapa, tazama zaidi ya vipenyo. Reynolds 853, iliyotolewa mwaka 1995, ni chuma kinachojiimarisha kinapopoa hewani baada ya kuchomelewa, na bomba la aina hiyo halinyooshwi kirahisi likiwa baridi kama lile la kromiamu na molibdenamu la kawaida. Ukizoea kurekebisha fremu kwa kuivuta kidogo kwenye meza baada ya kulehemu, itakubidi uiweke sawa kabla.

Hatua ya 4: Agiza kidogo

Agiza mabomba ya fremu mbili, moja ndogo na moja kubwa, na seti moja ya lagi. Usikubali punguzo la oda kubwa katika awamu hii. Mzigo ukivuka mpaka, kubaliana na wakala wa forodha kabla haujaondoka, kwa sababu mabomba yale yale yanaweza kuangukia msimbo wa 8714.91, ambao ni wa fremu, foku na sehemu zake, au wa 7304, ambao ni wa mabomba ya chuma yasiyo na mshono, na ushuru wa misimbo hiyo miwili haulingani kila mahali. Ankara itaje bayana kwamba ni mabomba ya nini.

Hatua ya 5: Pima kila bomba kabla ya kukata

Bomba la fremu nzuri halina unene mmoja. Ncha zake ni nene kwa sababu ndizo zinazopata moto na mkazo wa maungio, na katikati ni jembamba ili lipungue uzito. Kati ya sehemu hizo kuna mteremko ambapo ukuta unapungua polepole. Nje huoni chochote, kwa kuwa kipenyo cha nje ni kile kile mwanzo hadi mwisho. Ujanja huu ni wa zamani, hataza ya Reynolds ni ya mwaka 1897, na hadi leo ndio unaowaponza wanaohama msambazaji.

Kilichonipata mimi ni hiki. Bomba langu la chini la zamani lilikuwa na urefu wa milimita 650, likiwa na ncha nene ya milimita 90 upande mmoja na ya milimita 140 upande wa pili. Fremu ndogo ilihitaji milimita 560, basi nilizoea kukata milimita 90 kutoka ile ncha ndefu, nikabakiwa na milimita 50 za ukuta mnene, zinazotosha lagi yenye ulimi (sehemu yake inayolala juu ya bomba) wa milimita 40. Bomba jipya lilikuwa na kipenyo kile kile, unene ule ule kwenye katalogi na urefu ule ule wa jumla, ila ncha zake nene zilikuwa milimita 60 na 80. Nilikata milimita 90 kama nilivyozoea. Nilikata manne, moja baada ya jingine, kwa furaha ya mtu aliyepata vifaa vipya, na ni wakati wa kusafisha makali kwa tupa ndipo nilipohisi kwamba ukuta unaliwa upesi mno. Maikromita ilisoma 0.72 pale nilipotarajia 0.80. Nilikuwa nimeikata ncha nene yote na kuingia milimita 10 ndani ya mteremko, maana yake ni kwamba ncha ya ulimi wa lagi ingekaa juu ya ukuta wa 0.5, mahali ambapo moto huzidi na ambapo mkazo wa safari hukusanyika.

Siku hizi napima kwa utaratibu ufuatao, na sijawahi kujuta kwa muda ninaoutumia.

Kwanza napima unene wa kila ncha kwa maikromita yenye kituo cha mviringo. Maikromita ya kawaida yenye uso bapa hudanganya, kwa kuwa uso bapa haufuati mviringo wa ndani ya bomba na husoma zaidi ya unene uliopo. Vernia ya dijitali ya bei rahisi iache kwenye droo. Inafaa kwa vipenyo vya nje, basi.

Pili napima uzito. Chuma kina gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo, na kutokana na hapo unaweza kukokotoa kwamba bomba la milimita 31.8 lina takriban gramu 612 kwa mita pale ukuta ulipo 0.8, na gramu 386 pale ulipo 0.5. Bomba langu la zamani, nikihesabu na mteremko wa milimita 40 kila upande, lilitoka karibu gramu 312. Lile jipya lilikuwa karibu gramu 291. Mizani ya jikoni ingeniambia kwa sekunde tano yale niliyoyajua baada ya kuharibu mabomba manne: urefu sawa, kipenyo sawa, uzito pungufu kwa gramu 20, hivyo chuma kimepungua mahali fulani.

Tatu ninaliweka bomba juu ya makali ya tupa ya pembe tatu na kutafuta mahali linapokaa bila kuinama. Kitovu hicho huelekea upande wenye ncha nene ndefu, lakini kwa umbali mdogo sana. Kwa bomba langu la zamani ni kama milimita 7 tu kutoka katikati. Kwa hiyo lipime baada ya kuondoa kifuniko cha plastiki na mafuta ya kuzuia kutu, vinginevyo unapima mafuta. Ukishaujua upande huo, uchore kwa kalamu ya wino usiofutika papo hapo, kabla hujaligeuza.

Nne, na hii ndiyo yenye uamuzi, natafuta mwanzo wa mteremko kwa spoki ya zamani. Ipinde kidogo kama upinde ili isugue ukuta wa ndani, acha ncha yake iwe na kiwiko kifupi kilicholainishwa, uisukume polepole ndani ya bomba. Ikiwa kwenye ncha nene utahisi inabana. Inapoingia kwenye mteremko itaanza kulegea mkononi. Weka mkanda wa karatasi kwenye spoki pale inapokutana na mdomo wa bomba, itoe, upime. Rudia mara tatu kwa kila ncha. Mara ya kwanza utaona kama ni ushirikina, lakini mkono huzoea. Anayependa macho kuliko mkono alielekeze bomba kwenye taa na achungulie: mwanga unaoakisiwa ndani hujikunja kama pete pale ukuta unapobadilika. Mimi hutumia pete hizo kuthibitisha tu, kwa sababu mafuta nayo hutengeneza pete zake.

Mabomba mengine hayana hadithi ndefu. Bomba la siti la milimita 28.6 lipime ndani, upande wa juu: ukuta wa 0.6 unakuachia 27.4, nafasi ya kupitisha rima (kifaa cha kusawazisha tundu) na kupata nguzo ya siti ya 27.2, ilhali ukuta wa 0.9 unakuachia 26.8 na mteja ambaye nguzo yake ya 27.2 haiingii. Bomba la usukani lilinganishe na lagi zako za akiba, maana yapo ya 36.0 na yapo ya 36.4, na la 36.0 ndani ya lagi ya 36.4 linaacha nafasi ya 0.2 kila upande. Fedha hupenda nafasi ya 0.05 hadi 0.15, na zaidi ya hapo unajaza pengo kwa madini ya bei ghali.

Hatua ya 6: Tengeneza ungio la kukata

Kabla ya fremu ya mteja, lehemu ungio moja kwa mabaki ya bomba jipya, kisha likate katikati kwa msumeno. Ukiona mstari wa fedha umekamilika pande zote mbili bila matundu, endelea. Ikiwa msambazaji mpya anauza pia vijiti vya fedha, soma kwanza kilichomo. Vyenye kadimiamu hutoa moshi wenye sumu, na mimi sivitaki karakanani hata vikitolewa bure.

Hatua ya 7: Waarifu wanaongoja na ubadili daftari

Mteja aliyeagiza chapa fulani ya mabomba apewe chapa hiyo au aulizwe, kwa maandishi. Katika daftari ongeza safu mbili: namba ya ankara ya msambazaji na urefu wa ncha nene kama ulivyoupima mwenyewe, mkabala na namba ya fremu uliyoigonga chini ya sheli ya pedali.

Akaunti ya msambazaji wa zamani usiifunge mwaka huo. Mimi bado naagiza kwake vitu vidogo, kama vile viunganishi vya mabomba ya nyuma na vishikio vya chupa, kwa sababu vya kwake vimenyooka kuliko vya huyu mpya.