Ombi la mkopo wa chuo kwa mwenye ulemavu: anza kwa Mganga Mkuu

Kila msimu wa mikopo napokea waombaji wenye ulemavu hapa steshenari, Mbagala. Wengi wanadhani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itawaona walivyo. Mdogo wangu, uhitaji wako unapimwa kwa karatasi ulizopakia kwenye mfumo wake wa maombi mtandaoni. Ulemavu usiothibitishwa hauhesabiwi.

Hatua ya 1: Fomu ya ulemavu

Ipakue kwenye tovuti ya Bodi, ichapishe, kisha uipeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kwa Dar, anzia wilaya unayoishi: Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kuna binti asiyesikia aliniletea barua ya daktari aliyemtibu tangu utotoni, ina saini na muhuri wa hospitali. Haikutosha, na dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku mbili. Iliniuma sana. Barua kama hiyo usiitupe, nenda nayo pamoja na kadi za kliniki, zinamrahisishia Mganga Mkuu kazi. Kama husikii, nenda na mkalimani wa lugha ya alama.

Mzazi mwenye ulemavu naye anathibitishwa hivyohivyo. Wapo wanaoona aibu kumtaja baba asiyeona. Mtaje, maana hali yake inahesabiwa kwenye uhitaji wako.

Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa

Kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo pia.

Hatua ya 3: Kujaza

Tumia namba ya mtihani wa kidato cha nne ileile uliyoombea chuo. Kwenye swali la ulemavu jibu ndiyo, kisha pakia fomu ya mganga. Kama huoni, msaidizi akusomee kila ukurasa kwa sauti kabla hujakubali. Nywila ibaki kwako.

Hatua ya 4: Saini

Chapisha fomu ya maombi, isainiwe na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu. Skani kwa mashine. Picha ya simu mara nyingi hufifisha muhuri. Pakia kurasa zilizosainiwa.

Hatua ya 5: Fuatilia

Ingia kwenye akaunti mara kwa mara. Ukiambiwa urekebishe, rekebisha siku hiyohiyo. Ukikosa mkopo au ukipata pungufu, subiri dirisha la rufaa. Nakala ya fomu ya mganga itunze, kwenye rufaa utaihitaji tena.