Ukitaka kulichunguza isale la Wachagga, anzia mpakani

Siku ya kwanza Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilimwuliza bibi mmoja kuhusu isale (wingi masale), mmea ambao Wachagga huupanda mipakani: "Isale linatibu nini?" Akasema tumbo. Jirani yake akasema kichwa. Wa tatu akasema linatibu vyote. Walikuwa wananijibu kwa adabu, mgeni aliyeulizia dawa asiondoke mikono mitupu. Majibu yale niliyafuta yote.

Usiulize linatibu nini. Omba mtembee na mwenyeji kihambani, yaani shambani kwake nyumbani, mfuate mstari wa masale unaotenganisha shamba lake na la jirani, na umwulize nani aliyapanda. Hapo maneno huja yenyewe: ugomvi wa mpaka, shina lililong'olewa usiku, kaburi la babu lililozungushiwa masale. Kisha uliza tukio moja: mara ya mwisho ulikata jani lini, ukampelekea nani?

Yule bibi alinisimulia shemeji yake aliyemkosea, akaja alfajiri na jani la isale mkononi. "Nikishaliona, ningemfukuzaje?" Usiishie kuandika "hutumika kuombea msamaha." Uliza lilikuwa jani moja au zaidi, nani alilibeba, nani alilipokea, na baadaye liliwekwa wapi. Mila imekaa humo.

Ukitoka Marangu, nenda Rombo, Kibosho na Machame. Kichagga hubadilika kutoka upande mmoja wa mlima hadi mwingine, na desturi nazo huweza kutofautiana. Kwa hiyo badala ya "Wachagga hufanya hivi," andika "wanawake watatu wa Marangu, wote zaidi ya miaka 60, walinieleza hivi." Andika jina la mmea kama linavyotamkwa hapo hapo. Tenganisha pia aliyefanya mwenyewe na aliyesikia kwa mama yake.

Kuhusu mmea wenyewe: masale ni ya jenasi ya Dracaena, yenye spishi nyingi zinazofanana, basi usikisie. Omba ruhusa ukate tawi, lenye maua ukibahatika, ulibane katikati ya magazeti na kuyabadilisha kila siku, maana majani yake huvunda upesi. Andika mahali, mwinuko, tarehe na namba uliyoipa sampuli, kisha lipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Taifa Arusha au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maandishi ya zamani yapo. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika mengi kuhusu sheria na mila za Wachagga. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alichapisha kitabu chake mwaka 1924. Mimi nashauri uwasome baada ya mazungumzo ya kwanza, la sivyo utakuwa unawauliza wazee wathibitishe ya wageni.

Mwisho rudi na daftari, uwasomee. Bibi wa Marangu alinisikiliza hadi mwisho, akasahihisha jina la ukoo, kisha akaniomba jambo moja la kaburini nisilichapishe. Nikalikata kwa kalamu mbele yake.