Chota zuplanktoni kwa tabaka, si kwa mita

Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea chupa ya maji ya ziwa iliyojaa dafnia, aina ya zuplanktoni (wanyama wadogo sana waeleao majini), akiniuliza, "Sasa hawa wanaishi kina gani?" Alikuwa amevuta wavu mara moja tu, kutoka chini hadi juu. Chupa ya namna hiyo haiwezi kujibu swali lake, kwani wa juu na wa chini wameshachanganyika. Tulianza upya hivi.

1. Tia nanga ziwani penye kina kirefu kuliko pengine. Mashua ikisukumwa na upepo, kamba hulala upande na mita ulizohesabu zinakuwa za uongo.

2. Pima joto na oksijeni kabla ya kugusa wavu. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Maji ya vuguvugu ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi ni mazito, hukaa chini. Katikati joto huporomoka, kwa kawaida digrii moja au zaidi kwa kila mita. Mpaka huo ndio unaoutafuta.

Shusha sensa nusu mita kwa nusu mita, na kila unaposimama subiri namba zitulie. Mimi nilikuwa na haraka. Sensa ya oksijeni huchelewa kuhisi mabadiliko, basi nikaandika kwamba oksijeni inaishia chini zaidi ya inapoishia kweli, na mitego yangu ya "tabaka la kati" ikaingia kwenye maji yasiyo na pumzi. Nilipata karibu patupu. Kama sensa yako ya oksijeni ni ile ya utando, itikise polepole, kwa sababu hula oksijeni iliyo mbele yake na kusoma pungufu. Mimi siku hizi natumia ile inayopima kwa mwanga tu, isiyokula oksijeni.

Halafu kuna upepo. Ukivuma kwa saa kadhaa husukuma maji ya juu upande mmoja, na mpaka wa chini huinama. Ukitulia, mpaka huyumba kama maji kwenye beseni. Mita 7 za asubuhi zinaweza kuwa tabaka jingine jioni. Kwa hiyo pima upya kila unaporudi, hata kama umechoka.

3. Chota. Napendelea mtego wa Schindler-Patalas, sanduku linalojifunga na maji ya kina kimoja, kuliko wavu wa kufunga (unaofungwa ukiwa majini), ambao hukwama nusu umefunguka nawe huna habari. Chujio liwe la matundu ya mikromita 64, la sivyo rotifa wengi, zuplanktoni wadogo kuliko dafnia, watapita. Kina mbili tabaka la juu, tatu kwenye mpaka, mbili chini.

4. Rudi usiku. Mchana dafnia wakubwa hujificha gizani chini wasionwe na samaki. Usiku hupanda kula mwani. Lakini chini kukikosa oksijeni, maficho hayo hufungwa, nao hubanana karibu na mpaka. Mabuu wa Chaoborus, mdudu afananaye na mbu, ndio wanaoweza kushinda huko chini kusiko na hewa.

5. Hifadhi ulichochota kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza) asilimia 4 yenye sukari. Bila sukari dafnia huvimba na kumwaga mayai.

Ukiona dafnia wenye rangi ya waridi, si ugonjwa: wameongeza hemoglobini (kibeba oksijeni chekundu cha damu) kwa kukaa penye oksijeni haba. Andika kina walikotoka papo hapo, kabla hujamimina dawa.